UZI: Kobe wa asili wa Marekani – kuokota, kufuga na kuuza, jimbo kwa jimbo

Gamba_la_Juu

Wakuu, habari za huko mliko. Uzi huu ni kwa mlioko Marekani mnaofuga kobe, mnaotaka kufuga, au mliomkuta mmoja anavuka barabara na watoto wanalia aende nao nyumbani. Swali linalorudi kila mara ni "kobe huyu anaruhusiwa?" Halina jibu mpaka uulize jingine kwanza: ametoka wapi? Kobe wawili wanaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili, mmoja ukamfuga mpaka akuzike, mwingine akakufikisha mahakamani. Kinachowatenganisha ni asili yao na karatasi zinazoithibitisha.

Tuelewane kwa majina, maana Kiswahili kina kobe na kasa, basi. Kasa wa baharini wana sheria zao na hawagusiki, tuwaache. Hapa nitasema kobe sanduku kwa jamii ya Terrapene, yule ambaye gamba lake la chini lina bawaba, akiogopa anajifunga kabisa hauoni hata kucha. Kobe masikio-mekundu ni Trachemys scripta elegans, mwenye alama nyekundu nyuma ya jicho, anayeuzwa kila mahali. Kobe mng'ataji ni Chelydra serpentina, wa mkia mrefu wenye matuta kama wa mamba. Jifunzeni jina la Kilatini la kobe wenu, kwa sababu kanuni za majimbo zimeandikwa kwa hilo, na majina ya mitaani yanachanganya spishi.

Kila jimbo linatenga mambo matatu: kumchukua porini, kukaa naye, na kumuuza. Ruhusa ya moja si ruhusa ya jingine. Chukueni Florida. Tangu Julai 2009 ni marufuku kuchukua kobe wa maji baridi porini kwa biashara. Kwa matumizi yako unaruhusiwa 1 kwa mtu kwa siku, kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane. Mayai hayaguswi. Kobe wa gamba laini hachukuliwi kati ya 1 Mei na 31 Julai kwa sababu ndio wakati wa kutaga. Kobe mng'ataji wa kawaida haruhusiwi kabisa, na sababu yake ni nzuri kuijua: anafanana na binamu yake mkubwa, Macrochelys, ambaye analindwa, na askari hawezi kukubali "nilidhani ni yule mwingine" kila siku. Masikio-mekundu, ambaye si wa asili Florida, anahitaji kibali tangu 2007. Na yule kobe wa kuchimba, Gopherus polyphemus, hata shimo lake lina ulinzi: ukitaka kuchimba au kujenga ndani ya futi 25 kutoka mlango wa shimo, unahitaji kibali cha kumhamisha kwanza.

Panda kaskazini mpaka New York, mambo yanageuka. Mwaka 2006 jimbo liliwaweka kobe wa asili chini ya ulinzi: hakuna kuokota hata mmoja bila kibali. Kobe wa mabwawa ya chumvi, Malaclemys terrapin, alibakiwa na msimu wake, nao ukafungwa 2018. Aliyebaki na msimu ni mng'ataji peke yake, 15 Julai hadi 30 Septemba, gamba lisipungue inchi 12, 5 kwa siku na 30 kwa msimu, kwa bunduki au upinde tu. Mitego hapana.

Tennessee na Georgia ukimtoa kobe sanduku msituni ukamweka nyumbani, umeshavunja sheria hata kama hukumuuzia mtu. Na Tennessee huyo ndiye mnyama-nembo wa jimbo kwa upande wa reptilia.

Mama_Neema

Asante mkuu kwa kufungua. Sasa kama jimbo A linaruhusu kuokota mmoja, na mtu anahamia jimbo B kikazi, anaenda naye au anamwacha? Wengi tunahama kila mkataba wa kazi ukiisha.

Sheria_na_Mito

Dada Neema, hapo ndipo penye mtego, acha nilijibu kwa kirefu.

Sheria ya jimbo inaishia mpakani, lakini kosa haliishii. Kuna sheria ya shirikisho inayoitwa Lacey, ya mwaka 1900. Inasema hivi kwa ufupi: mnyamapori aliyechukuliwa, kumilikiwa, kusafirishwa au kuuzwa kinyume cha sheria ya jimbo lolote, ukimvusha mpaka wa jimbo, sasa ni kosa la shirikisho. Kwa hiyo kobe aliyeokotwa kinyume cha sheria Georgia hawi safi kwa kufika Ohio. Kila anayempokea huko mbele anapokea tatizo.

Uzito wa adhabu unategemea ulijua nini. Kama ulipaswa kujua kwa uangalifu wa kawaida lakini hukujishughulisha, ni kosa dogo, kifungo mpaka mwaka 1. Kama ulijua, na kuna mauziano au nia ya kuuza, na thamani imezidi dola 350, ni kosa kubwa, mpaka miaka 5. Dola 350 ni kidogo sana kwa kobe. Kobe sanduku mmoja tu mwenye rangi kali anaweza kuipita kwenye soko la nje. Halafu kuandika uongo kwenye lebo au risiti ("amezalishwa nyumbani" wakati ameokotwa) ni kosa la peke yake chini ya sheria hiyohiyo.

Kwa anayehama, mpangilio ni huu. Kabla ya kufunga mizigo, hakikisha alipatikana kihalali jimbo unalotoka, na uwe na ushahidi: risiti, kibali, barua. Kisha soma kanuni za jimbo unaloenda kuhusu kumiliki spishi hiyo, maana kuna majimbo ambako haijalishi ulimpata wapi. Oregon, kwa mfano, hairuhusu kumiliki masikio-mekundu wala mng'ataji. Ukikuta kibali kinahitajika, kiombe na ukipate kabla ya kuvuka. Kuomba baada ya kufika ni kukiri kwamba umeshaingiza. Kama haruhusiwi, mkabidhi kihalali ndani ya jimbo unalotoka. Usimwachie mtoni. Na Arizona wameweka wazi kwamba kobe wa jangwani aliyepewa mtu kupitia mpango wao wa kuasili haondoki jimboni; ukihama unamrudisha.

Fundi_Kioo

Naomba kuuliza kuhusu vile vitoto vya ukubwa wa sarafu vinavyouzwa ufukweni na kwenye magulio ya Jumapili. Muuzaji anasema kobe ni bure, unalipia chombo cha plastiki tu.

Gamba_la_Juu

Kaka, hiyo "bure" haimwokoi. Tangu 1975 Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, imekataza kuuza kobe hai mwenye gamba chini ya inchi 4 (sentimita 10.2), na mayai yenye uhai. Kanuni imeandikwa kwa upana: kuuza, kushika kwa ajili ya kuuza, au kugawa kibiashara au kwa umma kwa namna nyingine yoyote. Kumtoa kobe kama zawadi ya chombo ni kugawa kibiashara. Faini mpaka dola 1,000 na kifungo mpaka mwaka 1, na FDA inaweza kuamuru kobe hao waangamizwe. Hapo ndipo roho inauma, maana wanaolipia kosa la muuzaji kwa uhai wao ni vile vitoto.

Sababu ni salmonela, bakteria wanaoleta homa na kuharisha. Mtoto mdogo anaweza kumtia kobe wa inchi 2 mdomoni. Kobe wa inchi 4 hawezi. Kobe anaweza kuonekana mzima kabisa, macho angavu, anakula vizuri, na bado anatoa vijidudu kwenye kinyesi, siku nyingine vipo, siku nyingine havipo. Ndiyo maana kipimo kimoja kisicho na vijidudu hakithibitishi kitu. Maji ya tangi yasimwagwe kwenye sinki la jikoni, na mtoto chini ya miaka 5 asimshike.

Misamaha ipo: utafiti, elimu na maonyesho yasiyo ya kufuga nyumbani, usafirishaji nje ukiwa umeandikwa hivyo kwenye kifurushi, na mauzo yasiyohusiana na biashara. Huo wa mwisho watu wanauvuta mpaka unakatika. Anayetangaza kila wiki mtandaoni ana biashara hata kama hana duka.

Kingine: kanuni ya inchi 4 ni ya kuuza. Haisemi kumiliki kitoto ni kosa. Lakini jimbo lako linaweza kusema.

Mto_na_Ziwa

Niongeze kuhusu kupima, kwa sababu faini nyingine zinatokana na futi kamba ya fundi cherehani.

Urefu wa gamba unaozungumzwa na kanuni nyingi ni ulionyooka. Unamweka kobe sakafuni, unashika kalipa kubwa (kipimo chenye taya mbili zinazobana kitu) au unasimamisha vipande viwili vya ubao, kimoja kimguse ukingo wa gamba nyuma ya shingo, kingine ukingo wa juu ya mkia, halafu unapima nafasi kati ya mbao. Kichwa na mkia havihesabiki. Ukilaza futi kamba juu ya mgongo unapata namba kubwa kuliko ukweli, kwa sababu unafuata mlima wa gamba. Kwa kobe sanduku mwenye mgongo wa kuba tofauti inaonekana wazi: wa inchi 3.5 kwa kalipa anaweza kusomeka zaidi ya 4 kwa kamba. Muuzaji anasema "ametimia" na anaamini anachosema.

Sasa North Carolina wao, kwa kobe mng'ataji wa leseni ya kukusanya, wanapima kwa kufuata mpindo, inchi 11 kwa uchache. Kwa hiyo kabla ya kupima soma kanuni ya jimbo inasema "iliyonyooka" au "ya mpindo". Inchi bila neno hilo haina maana.

Binti_Kisima

Mimi nakubali kuokota kupigwa marufuku. Ila sielewi kwa nini baadhi ya majimbo yanakataza hata kuuza waliozalishwa nyumbani. Si ndiyo ingepunguza kuokotwa porini?

Gamba_la_Juu

Hoja yako ina uzito, na kwa spishi zinazokua haraka inafanya kazi. Louisiana wana mashamba ya kobe ya miaka mingi, wanazalisha masikio-mekundu kwa wingi kwa ajili ya kupeleka nje. Kwa kobe sanduku hesabu haikubali, na nitaeleza kwa nini.

Kobe sanduku jike anataga mayai machache, 3 hadi 8 hivi, na vitoto vinachukua miaka mingi kufikia ukubwa wa kuuzika. Mtu akitaka kuzalisha kobe 100 wazima anahitaji nafasi, chakula na subira ya miaka 8 au 10. Mtu mwingine anaingia msituni baada ya mvua ya Mei na mfuko wa sandarusi. Huyo wa pili ndiye atakayeandika "amezalishwa nyumbani" kwa bei ya chini, na yule mwaminifu anafunga shughuli. Soko halali linakuwa josho la kuwasafishia walioibwa.

Ukiwaangalia kwa karibu mara nyingi utawatambua. Kobe wa porini gamba la chini limesuguliwa na mawe na majani mpaka mistari ya ukuaji imefutika, linang'aa kama sakafu ya zamani. Ukingo wa gamba la juu una vipande vilivyomegwa na meno ya rakuni (mnyama mdogo wa porini wa huko) au mbwa, makovu yaliyopona. Wakati mwingine kuna alama ya moto wa msitu, sehemu nyeupe isiyo na rangi. Aliyezaliwa ndani kingo zake ni kamili, mara nyingi vigae vya gamba vimevimba juu kama vilima vidogo kwa sababu ya lishe na ukavu, na mdomo umerefuka kwa kukosa kitu kigumu cha kutafuna. "Kitoto cha nyumbani" chenye meno ya rakuni mgongoni ni uongo uliotembea.

Sheria_na_Mito

Na tuseme ukweli kuhusu ukubwa wa biashara yenyewe. Kesi za Lacey za miaka ya karibuni zinaonyesha mtindo uleule: kobe wanaokotwa katika majimbo kadhaa, wanapelekwa kwa mtu wa kati, wanafungwa kwa mkanda wa gundi ili wasitikisike, wanatiwa kwenye soksi mmoja mmoja, kisha kifurushi kinapelekwa Asia kikiwa na lebo ya bidhaa nyingine. Katika kesi moja iliyomalizika New Jersey mwaka 2021, mfadhili aliyeletwa kutoka Malaysia alihukumiwa miezi 38. Kobe walikuwa kama 1,500, thamani yao kwenye soko la nje ikikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 2. Terrapene wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kuwatoa nje bila kibali ni kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Majimbo yamekuwa yakifunga mlango mmoja mmoja. Maryland ilizuia uvunaji wa kibiashara wa kobe wa mabwawa ya chumvi 2007. Alabama ilifunga uvunaji wa kobe wa porini kwa biashara 2012. New Jersey ilimtoa yule wa mabwawa ya chumvi kwenye orodha ya wanyama wa kuwindwa 2016. Texas ilianza 2007 kwa kuzuia maji ya umma na kuacha spishi 4 kwenye maji ya watu binafsi, kisha 2018 ikafunga hata hizo. Ile nusu-sheria ya Texas inafundisha: kobe hana alama inayosema alinaswa bwawa la nani, kwa hiyo mstari kati ya maji ya umma na ya binafsi haukuweza kulindwa.

Mto_na_Ziwa

Wanaodhani ni ukali wa bure waangalie hesabu za mtafiti wa kobe Justin Congdon na wenzake, kwenye hifadhi ya E.S. George huko Michigan. Kwa kobe wa Blanding (Emydoidea blandingii) walikuta jike anaanza kutaga akiwa na miaka 14 hadi 20. Kwa mng'ataji, 1994, walikokotoa kwamba vifo vya wakubwa waliozidi miaka 15 vikiongezeka kwa asilimia 10 tu kwa mwaka, bila kitu cha kufidia, wakubwa wanabaki nusu ndani ya miaka isiyofika 20. Ng'ombe akifa, ndama wa mwaka huu atazaa baada ya miaka michache. Kobe jike mmoja akiondoka bwawani, pengo lake linajazwa na yai ambalo litangoja miaka 15 au zaidi, na mayai mengi hayafiki hata wiki ya pili kwa sababu ya rakuni. Kwa bwawa dogo, majike matatu yaliyookotwa kiangazi kimoja ni msiba ambao hakuna atakayeuona mpaka miaka 20 ipite.

Mama_Neema

Inasikitisha sana. Sasa aliyeokota bila kujua, kobe yuko nyumbani miaka mitatu, afanyeje? Wengine wanashauri amrudishe msituni usiku.

Gamba_la_Juu

Dada, asimrudishe. Sababu mbili. Ya kwanza ni maradhi: kobe aliyekaa na wenzake wa dukani anaweza kubeba virusi vya rana (vinavyoua vyura na kobe) au mikoplazma, bakteria wa njia ya hewa, na mikoplazma ni miongoni mwa magonjwa yaliyowatesa kobe wa jangwani. Ya pili, kobe sanduku anaishi maisha yake yote ndani ya eneo dogo, mita mia mbili au tatu hivi, na analijua kama mkulima anavyojua mashamba ya kijijini. Ukimwacha pengine anaanza kutembea akitafuta kwao, anakatiza barabara mpaka gari limpate. Na majimbo mengi kumwachia mnyama aliyefugwa ni kosa.

Njia salama ni kupiga simu idara ya wanyamapori ya jimbo, kitengo cha reptilia na amfibia, ueleze spishi, tarehe, na mahali hasa alipookotwa: barabara gani, karibu na kijito gani. Mahali hapo ndipo pana thamani. Pasipojulikana, huenda asirudishwe kwao kamwe. Kama unahofia adhabu, ongea na wakili kwanza kabla ya kutoa jina lako, ni haki yako. Usimtangaze mtandaoni "naomba dola 50 za kumhamisha tu". Majimbo mengi huihesabu hiyo kuwa mauzo.

Kwa kobe wa jangwani kuna mlango ulio wazi. California wanaofuga wanapaswa kuwa na kibali cha jimbo, ni cha bure, na kinakuja na kibandiko chenye namba cha kubandikwa kwenye gamba. Kumuuza au kumnunua ni marufuku. Anahama mkono kwa mkono na karatasi zake. Arizona wana mpango wa kuasili: unawaonyesha uwanja wenye ukuta usiopenyeka, kivuli, na shimo la kujificha joto, wakiridhika wanakupa.

Fundi_Kioo

Na anayenunua kihalali kwa muuzaji wa jimbo jingine, aombe karatasi gani?

Sheria_na_Mito

Kaka, aombe risiti yenye jina la Kilatini, idadi, tarehe ya kuanguliwa, urefu wa gamba siku ya kuuza, jina na anwani ya muuzaji, na namba ya leseni yake pale jimbo lake linapotoa leseni. Picha ya gamba la chini iambatane, kwa sababu madoa yake ni kama alama za vidole. Muuzaji akisita kuandika jina la Kilatini, acha.

Kwenye usafirishaji, posta ya Marekani haipokei kobe, hata aliyefungwa vizuri namna gani. Mnyamapori anayevuka jimbo, kifurushi kionyeshe kwa nje mtumaji, mpokeaji, na spishi na idadi iliyomo. Kifurushi kisichoandikwa kinakuwa ushahidi wa kwanza dhidi yako.

Kwa wanaowaza kuleta kobe kutoka nyumbani Afrika Mashariki: kobe bapa wa majabali wa Kenya na Tanzania, Malacochersus tornieri, amewekwa Kiambatisho cha I cha CITES, orodha yake kali kuliko zote, tangu 2019, biashara ya waliotoka porini imefungwa. Na yule mkubwa wa madoa ya chui, Stigmochelys pardalis, Marekani ilizuia kumwingiza tangu 2000 kwa sababu kupe wake wanaweza kubeba ugonjwa wa moyo-maji unaoua ng'ombe.

Binti_Kisima

Swali la mwisho kwangu: aliyekutwa katikati ya barabara, kumgusa tu si "kuchukua"?

Mto_na_Ziwa

Kumvusha na kumwacha palepale hakuna askari wa kukufuata, dada, na ni msaada mkubwa, hasa Mei na Juni majike yanapotafuta pa kutaga. Simama pembeni kwa usalama wako kwanza. Mshike kwa mikono miwili katikati ya gamba, kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, umwinue kidogo tu, maana anaweza kukojoa na kupiga mateke. Mpeleke upande aliokuwa anaelekea, hata kama unaona mto uko nyuma yake. Ukimgeuza ataingia tena barabarani. Mng'ataji usimshike mkia, uti wa mgongo unaachana. Msukumie kwenye zulia la gari umburute nalo, ukikaa nyuma yake, shingo yake inafika mbali kuliko unavyodhani. Na ndani ya hifadhi za taifa usimhamishie mahali pengine wala usiondoke naye. Huko hakuna kiasi kinachoruhusiwa, hata kitoto kimoja.